Crusader Kings III: Mfalme Anashinda Vita, Nani Njo Analipa?

Kila uchaguzi ukikaribia kwetu Kongo, neno moja la Kifaransa linarudi katika radio na katika magazeti: fief. Mheshimiwa fulani amerudi katika fiefu yake, mwingine amepoteza fiefu yake, wa tatu anataka kuingia kwa nguvu katika fiefu ya mwenzake. Tunalisema kama neno la kila siku na mara chache tunajiuliza limetoka wapi. Limetoka Ulaya ya zama za kati. Pale mkubwa alimpa mdogo wake ardhi, pamoja na watu wanaoilima, na yule mdogo akaapa kumtumikia, zaidi sana kwa kumletea askari wakati wa vita. Ardhi na kiapo vilienda pamoja. Ukivunja kiapo, ardhi inaweza kurudi kwa mwenyewe.

Ndugu wasomaji, nimeanza na neno hilo kwa sababu mchezo wa video ninaotaka kuzungumzia leo unalirudisha kwenye maana yake ya kwanza. Unaitwa Crusader Kings III. Ulitengenezwa na Paradox Development Studio ya Stockholm, kule Uswidi, ukatoka tarehe 1 Septemba 2020, na tangu pale wameuongezea vipande vingi vinavyouzwa kimoja kimoja. Kwa kuucheza unahitaji mashine nzuri na kuranti isiyokatika-katika, mambo mawili ambayo si kila mtu kwetu anayo. Lakini walio nayo wanaujua, na wakianza kuusimulia hawanyamazi. Mmoja atakuambia ni shule ya siasa. Mwingine atakuambia ni kupoteza usiku bule. Mimi nasema hivi: ni mwalimu mzuri wa nusu ya somo. Nusu moja anaifundisha vizuri kabisa. Nusu ya pili anairuka, na ile aliyoiruka njo nzito zaidi.

Kwa wale wasioujua, nieleze kidogo. Mbele yako iko ramani kubwa: Ulaya yote, Afrika ya kaskazini, Sahel, Pembe ya Afrika, Uarabuni, hadi India. Mwaka 2025 waliongeza China, Japani na Asia ya kusini-mashariki. Kongo haimo. Unaanza mwaka 867 au mwaka 1066, na nyongeza moja ya 2024 ilileta pia mwaka 1178. Mwisho ni 1453. Katika michezo mingine ya vita unashika nchi, unaisukuma mbele kama gari. Hapa unashika mtu. Yuko na umri, yuko na tabia, anaoa, anaugua, anazeeka, anakufa. Akifa, unaendelea na mrithi wake. Ukikosa mrithi wa ukoo wako, mambo yamekwisha, hata kama juzi ulikuwa mfalme wa nusu ya Ulaya.

Nitaupima mchezo huu kwa mwaka ule wa 1066 na kwa mtu mmoja, Guillaume wa Normandie, yule ambaye Waingereza wanamwita William the Conqueror. Sababu ni rahisi. Mchezo wenyewe unafungua mwaka huo tarehe 15 Septemba, siku kumi kabla ya mapigano ya Stamford Bridge na karibu mwezi mmoja kabla ya Hastings. Vita ya Guillaume juu ya Uingereza imekwisha kuwashwa. Na historia yake tunaijua vya kutosha kuilinganisha na mchezo.

Tuanze na ardhi.

Mchezaji mpya anafikiri hivi: nikiteka fiefu nyingi, nitakuwa na nguvu nyingi. Mchezo unamsahihisha haraka. Kuna kikomo cha fiefu ambazo unaweza kushika wewe mwenyewe. Ukizidisha, kodi inapungua na askari wanapungua. Kwa hiyo kila ukishinda unalazimika kugawa, na kila unayempa ardhi anakuwa vasali wako, yaani sultani mdogo chini yako, mwenye ngome yake, askari wake na hamu yake. Anakulipa sehemu ya kodi na anakutolea sehemu ya watu wake. Kiasi gani? Inategemea mkataba kati yenu. Na juu ya kila uso wa vasali kuna namba, kuanzia kutoa 100 hadi 100, inayoonyesha anakufikiria namna gani. Ukibonyeza namba hiyo, unaona hesabu yote: ulimpa cheo, ameongeza, ulimnyima kiti katika baraza, amepunguza, ulimfunga mjomba wake, amepunguza sana, wewe ni mchoyo na yeye anapenda ukarimu, amepunguza tena.

Hapa njo uzuri wa kwanza wa mchezo huu. Unakufundisha kwamba mamlaka ni daftari la madeni. Mfalme mwenye askari elfu tano kwenye karatasi anaweza kuwa na elfu mbili tu siku ya haja, kwa sababu wale wengine ni wa watu wasiompenda. Vasali wakinung'unika wanaungana. Mmoja anataka kujitenga, mwingine anataka kumweka ndugu yako kwenye kiti, mwingine anataka tu upunguze amri. Unaiona nguvu ya kundi lao inapanda kidogo kidogo ikikaribia ya kwako, na siku moja barua inakuja: kubali masharti yetu, au vita.

Guillaume wa kweli aliujua ugonjwa huo. Mwaka 1075, miaka tisa tu baada ya ushindi, mabwana watatu walimgeuka: Roger wa Hereford, Ralph wa East Anglia na Waltheof, Mwingereza wa mwisho kubaki na cheo kikubwa namna ile. Njama ilifumwa katika karamu ya ndoa, Ralph akimuoa dada wa Roger, ndoa ambayo mfalme hakuikubali. Uasi ulizimwa, Waltheof akakatwa kichwa mwaka 1076. Ukiwa umecheza Crusader Kings III masaa machache, unaposoma kisa kile unakitambua pale-pale: vasali wawili wenye nguvu, ndoa moja ya kuwaunganisha, wa tatu anaingia akisitasita. Vitabu vingi vya shule vinakupa majina na tarehe. Mchezo unakupa sababu: kwa nini mfalme aogope harusi ya watu wengine.

Muungano nao uko hivyo hivyo.

Katika mchezo huu, muungano unapita hasa kwa ndoa. Binti yako akiolewa na mtoto wa mfalme jirani, mnakuwa washirika. Akishambuliwa, anakuita. Ukishambuliwa, unamwita. Ukitaka msaada kwa vita uliyoianza wewe, unalipa kwa heshima yako, ambayo nayo inahesabiwa kama franga. Ukikataa kwenda alipokuita, heshima inashuka. Tena mshirika ana vita yake. Unaweza kumpata mkwe mwenye nguvu sana leo, kesho anakuburuta katika ugomvi usiokuhusu, upande wa pili wa ramani, na askari wako wanakufa huko kwa ajili ya kijiji ambacho hukijui jina. Na kwa kuwa muungano umeshikwa na watu, kifo cha mtu mmoja kinaweza kuukata. Jana ulikuwa na ukuta upande wa mashariki. Leo mzee amekufa, mtoto wake hakufahamu, ukuta hauko tena.

Sifahamu kazi nyingine ya burudani inayoonyesha jambo hili waziwazi namna hii. Guillaume alimuoa Mathilde wa Flandre, binti wa Baudouin wa tano. Baudouin huyo alikuwa pia mlezi wa Philippe wa kwanza, mfalme mtoto wa Ufaransa. Kwa ndoa moja, Guillaume alipata jirani asiyemshambulia na pia mfalme wa juu yake ambaye mlezi wake ni baba mkwe. Angevukaje bahari na jeshi lake lote mwaka 1066 kama mgongo wake ulikuwa wazi? Na upande wa pili, Tostig, ndugu wa mfalme Harold wa Uingereza, alipofukuzwa katika nchi yake alimfuata Harald Hardrada, mfalme wa Norway. Walikuja pamoja, wakafa pamoja Stamford Bridge tarehe 25 Septemba. Muungano ulimjenga mmoja, ukamzika mwingine. Mchezo unayajua yote mawili.

Sasa tuingie katika vita yenyewe.

Hauwezi kushambulia hivi hivi. Unahitaji sababu inayokubalika: dai la urithi, dini, haki ya kihistoria. Kama hauna dai, unamtuma askofu wa nyumbani kwako akalitafute katika makaratasi ya zamani, yaani akalitunge. Kazi hiyo inachukua muda na inakula franga. Wachezaji wengi wanaicheka. Mimi naiona ni mojawapo ya mambo ya kweli kabisa katika mchezo. Guillaume mwenyewe hakupiga mbio hadi baharini na panga tu. Alisema kwamba Edward, mfalme aliyekufa Januari 1066, alimwahidi kiti. Alisema Harold alimwapia. Vita ilihitaji karatasi kwanza.

Baada ya karatasi, franga. Siku unapowaita askari, hazina inaanza kuvuja kila mwezi. Wakisimama bila kazi wanakula. Wakizingira ngome wanakula. Ukiwapeleka wengi mno fasi moja wanakosa chakula na wanakufa bila kupigana. Mchezaji mwenye akili hamwiti askari hata mmoja kabla ya kuhesabu: vita itachukua miezi mingapi, hazina itafika? Hapo tena nampongeza mwalimu. Vijana wengi tumelelewa na filamu ambazo vita ni ushujaa wa dakika mbili, farasi, kelele, bendera. Hapa vita ni hesabu ya chakula.

Kiisha kuna alama za vita. Kila ushindi unaongeza, kila ngome iliyoanguka inaongeza, na ukimkamata kiongozi wa adui mwenyewe, zinajaa mara moja. Zikifika 100, unabonyeza, amani inakuja, ardhi ni yako. Na hapa, wandugu, mwalimu anaanza kuruka kurasa.

Harold aliuawa Hastings tarehe 14 Oktoba 1066. Kwa hesabu ya mchezo, mambo yalikwisha: kiongozi wa adui hayuko, alama 100, mpe Guillaume taji lake. Kweli alivikwa taji siku ya Noeli mwaka ule ule. Lakini vita haikukwisha. Mwaka 1068 mji wa Exeter ulimfungia milango akauzingira. Mwaka 1069 kaskazini yote iliwaka, na Wadanemark walikuja kwa mashua kuwasaidia waasi. Mwaka 1071 alikuwa bado anawatafuta watu katika maji na matete ya Ely. Miaka mitano baada ya alama 100.

Na namna alivyoizima kaskazini tunaijua. Majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070, jeshi lake lilipita Yorkshire na jirani zake likichoma nyumba, akiba ya nafaka, vifaa vya kulima, likiua wanyama. Lengo halikuwa kushinda jeshi lingine. Lengo lilikuwa nchi isiweze kulisha mtu yeyote, awe mwasi au mkulima. Orderic Vitalis, mtawa aliyezaliwa Uingereza na kuandikia Normandie, aliandika miaka mingi baadaye kwamba zaidi ya watu laki moja walikufa kwa njaa. Wanahistoria wanaibishia namba hiyo, wengi wanaona imezidi. Lakini Orderic, ambaye mara nyingi alimsifu Guillaume, hapo alikataa kabisa kumsifu. Alimweka mbele ya hukumu ya Mungu.

Kuna ushahidi mwingine, wa baridi zaidi. Mwisho wa mwaka 1085 Guillaume aliamuru nchi yote ihesabiwe, na mwaka 1086 watu wake wakazunguka wakiuliza: fasi hii ni ya nani, ilikuwa na thamani gani wakati wa mfalme Edward, iko na thamani gani leo, majembe mangapi, watu wangapi? Kitabu kilichotoka humo kinaitwa Domesday Book, na bado kipo. Ukifungua sehemu ya Yorkshire, unakutana na neno moja la Kilatini linalorudi-rudi baada ya majina ya vijiji: wasta. Maana yake, hapa ni patupu. Hapakusanywi kitu. Wanahistoria wanajadiliana kama kila wasta ni kazi ya jeshi la 1069, au pengine karani aliandika hivyo kwa sababu nyingine. Lakini hakuna anayebisha kwamba miaka kumi na sita baadaye, vijiji vingi vilikuwa bado havijasimama vizuri.

Sasa rudi katika mchezo uangalie kidirisha cha kaunti iliyotekwa. Utaona namba ya udhibiti imeshuka. Ikiwa chini, kodi ni kidogo na askari ni wachache. Unamtuma jemadari wako, namba inapanda polepole, na siku moja imejaa. Imekwisha. Kaunti imepona. Kidirisha hakina kumbukumbu. Hakuna fasi iliyoandikwa wasta.

Angalieni kinachotendeka pale. Maumivu ya kijiji yameingia katika mchezo, sitaki kuwasingizia watengenezaji. Yameingia kama upungufu wa mapato ya mfalme. Njaa ya watu ni kodi ambayo haikuja. Mtu aliyekufa ni askari ambaye hatajibu wito. Karani wa Guillaume naye alihesabu kwa jicho hilo hilo, kwa faida ya mfalme. Lakini hata karani yule, mtumishi wa mshindi, aliandika thamani mbili, ya jana na ya leo, na tofauti kati yake inasimulia kilichopita hapo katikati. Mchezo wa mwaka 2020 unasahau zaidi kuliko karani wa mwaka 1086.

Najua nitajibiwa. Kwanza: lakini wakulima wanaasi katika mchezo! Ni kweli. Watu wa kaunti wakichukia utawala wako, hasa kama dini au mila yako si yao, wanaweza kuinuka na jeshi. Sawa. Lakini tazama wanaonekana lini: wanaonekana wakishika silaha tu. Mkulima aliyelala njaa bila kuasi hana namba, hana uso. Kwa mchezo, mtu mdogo anaanza kuwepo siku anapokuwa hatari kwa mkubwa. Hilo nalo ni somo, lakini sidhani kama walikusudia kulifundisha.

Jibu la pili lina nguvu zaidi: huu ni mchezo wa wafalme, jina lake linasema hivyo, nani atalipa franga zake kwa kuangalia shamba lililoungua? Mimi siombi mchezo wa kulia. Naangalia tu kile ambacho hawa hawa watengenezaji wamekwisha kukiweza. Wamechukua mambo makavu kama mkataba wa kodi, wakayafanya yapendeze. Na zaidi ya yote, wameingiza moyo wa mfalme. Kila mtu katika mchezo huu yuko na tabia. Mfalme mwenye huruma akimuua mfungwa, msongo wa mawazo unampanda. Ukizidi, anaanza kunywa, au anavunjika kabisa. Ukatili unakuwa na gharama, na gharama ile inabadilisha namna unavyocheza. Unaacha kuua siyo kwa kuogopa jeshi, unaacha kwa sababu mtu wako hatabeba.

Orderic aliandika kwamba Guillaume, akiwa kitandani anakufa mwaka 1087, alijuta yale aliyoyafanya kaskazini. Maneno yale pengine ni ya Orderic mwenyewe, watawa walipenda kuwawekea wafalme hotuba midomoni. Lakini mchezo ungeyaelewa vizuri: msongo, toba, ucha Mungu kupanda. Ungejua kila kitu kuhusu majuto ya mfalme. Kuhusu kijiji anachokijutia, ungejua namba moja tu, na namba hiyo imekwisha kujaa zamani.

Kwa hiyo uwezo wanao. Kama wanaweza kukumbuka kwamba vasali fulani bado ana kinyongo cha miaka ishirini kwa sababu ulimnyang'anya cheo baba yake, wanaweza kuifanya kaunti ikumbuke moto. Namba isirudi yote. Jina la kijiji libaki na alama. Mrithi wako, mtu ambaye hakuzaliwa wakati wa vita ile, aikute alama hiyo na atawale nayo. Hiyo isingeharibu utamu. Ingeongeza uzito kwa kila kitufe cha vita, kama vile ndoa na mikataba tayari viko na uzito.

Nisimalize bila kusema jambo ambalo mchezo unalifanya vizuri kuliko yote, yaani urithi.

Mwanzoni mwa mchezo, sheria ya urithi katika nchi nyingi ni kugawana. Mfalme mwenye watoto wanaume watatu anagawiwa mara tatu. Miaka arobaini umejenga, umeoza, umepigana, umehesabu chakula cha askari. Unakufa, na kwa dakika moja nusu ya kazi yako inakwenda kwa ndugu zako wapya, ambao kuanzia pale wanaitamani na hii nusu nyingine. Vasali waliomheshimu baba hawakujui. Washirika wake siyo washirika wako. Hazina iko, watu hawako. Wachezaji wanaichukia sheria hii. Mitandaoni wanafundishana mbinu za kuikwepa, nyingine za kuogopesha: kumfanya mtoto mdogo awe mtawa, kumnyima urithi, kumtuma vitani ili asirudi.

Ni historia ile ile. Guillaume alipokufa, Normandie ilikwenda kwa Robert, mkubwa. Uingereza ikaenda kwa Guillaume mdogo, yule anayeitwa Rufus. Henri, mdogo wa wote, alipewa fedha bila ardhi. Mabwana wenye fiefu pande zote mbili za bahari wakajikuta na wakubwa wawili wasiopatana. Ukimtumikia mmoja, mwingine anakunyang'anya. Rufus alikufa kwa mshale porini mwaka 1100, Henri akakimbilia hazina na taji, na mwaka 1106 pale Tinchebray akampiga kaka yake Robert akamfunga. Robert alikufa kifungoni mwaka 1134, miaka ishirini na minane baadaye. Ushindi wa Hastings, ambao kila mtoto wa shule Ulaya anaujua tarehe yake, ulizaa ugomvi wa ndugu wa miaka mingi.

Mchezo unaliingiza jambo hili mwilini mwa mchezaji. Hausomewi mahubiri kwamba utukufu unapita. Unashika kiti cha mtoto wa miaka kumi na sita, unaangalia namba za vasali, zote nyekundu, na unaelewa kwamba baba yako hakukuachia nchi, alikuachia madeni ya watu waliokuwa wanamwogopa yeye. Kwa hilo peke yake, kijana anayetaka kuelewa kwa nini tawala nyingi zilizojengwa juu ya mtu mmoja zinapasuka wiki anayozikwa, acheze. Atatoka na kitu.

Hukumu yangu basi ni hii. Crusader Kings III ni kazi kubwa, ya akili, na wale wanaoiita ya watoto hawajakaa mbele yake. Inajua kwamba fiefu ni kiapo, muungano ni ndoa yenye hofu ndani yake, vita ni hazina inayovuja, na kifo cha mfalme ni mtihani wa yote aliyofanya. Lakini imekiamini kidirisha cha mfalme kupita kiasi. Wahenga walisema tembo wakipigana, nyasi ndizo zinaumia. Mchezo huu unawajua tembo kwa majina, kwa ukoo, kwa ugonjwa na kwa dhambi zao, na nyasi unazifahamu kwa asilimia tu.

Hatari yake ni katika zoezi. Mchezaji akizoea masaa mia kuona moto unazimika kwa namba kupanda, jicho lake linajifunza kuangalia vita kutoka juu, kwenye meza ya ramani. Ni jicho lile lile la anayesema "nimepoteza fiefu yangu" bila kuwahesabu watu waliomo. Basi ucheze, ndugu. Jifunze madeni ya wakubwa, utayahitaji. Siku alama zitakapofika 100 na kitufe cha amani kikawaka, fungua kidirisha cha kaunti uliyoichoma, ile ya mpakani isiyo na faida, na kabla ya kumtuma jemadari uliza swali ambalo mchezo haukuulizi: mwaka huu hapa, nani alivuna?